Ghala la mama

Siku ile mama alirudi kutoka kliniki ya sukari mapema kuliko kawaida. Alipita moja kwa moja hadi uani, akaketi kwenye kigoda karibu na jiko, akaanza kumenya muhogo ambao hakuna aliyemwomba aumenye. Nilimwamkia, akaitikia bila kuinua macho. Baada ya mihogo mitatu ndipo akasema, "Mwanangu, leo nimeambiwa mbele za watu kwamba nimebeba uchafu."

Uchafu wenyewe ni mafuta ya mwilini. Mtu aliyekuwa akiwapima alimshika nyama ya mkono, akaivuta kidogo, akaliambia benchi zima kwamba yote yale ni uchafu uliogandamana, na asipoutoa utamuua. Sitamtaja mtu huyo wala mahali penyewe, maana najua kazi yao ilivyo nzito na foleni ilivyo ndefu. Ila neno lile lilimkaa mama moyoni. Mama yangu ni mwanamke wa Newala. Amezaa watoto saba na kuwanyonyesha wote. Ujana wake wote alishuka bondeni na ndoo na kupanda nayo ikiwa imejaa kichwani, kwa sababu huku juu kwenye uwanda wa Makonde maji yalikuwa hayapatikani. Mwili huo ulipojaa baada ya uzazi, wanawake wenzake walimwambia amenawiri. Leo amezeeka nao, na umepewa jina la jalala.

Mimi ni karani wa ghala katika chama cha msingi cha wakulima wa korosho. Kuanzia Oktoba hadi mwaka unapokaribia kwisha, maisha yangu ni mizani, daftari na funguo. Usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa nawaza kwamba kitu ambacho mwili unakipokea, unakipanga, unakitunza na kukitoa kinapohitajika hakiwezi kuwa uchafu, maana uchafu hauwekewi karani. Nikaanza kusoma, na kila nilipokwama nilimpigia simu mtoto wa mjomba anayefundisha baiolojia sekondari kule Lindi. Haya ninayoandika ndiyo niliyomweleza mama jioni baada ya jioni, tukibangua korosho uani.

Nilianza na kile alichokuwa nacho mkononi, muhogo. Mmea wa muhogo huweka akiba yake ardhini kama wanga uliolowa maji. Upime muhogo mbichi, uumenye, uanike mpaka uwe makopa, kisha upime tena: zaidi ya nusu ya uzito imeondoka, na sehemu kubwa ya kilichoondoka ni maji. Mmea haujali uzito huo kwa sababu hauendi popote. Mbegu ya ufuta ina shida nyingine. Ni kitu kidogo mno, nacho kinatakiwa kubeba chakula chote cha mche mpaka utoke ardhini na kuliona jua. Humo ndani hakuna nafasi ya maji mengi, kwa hiyo ufuta huweka mafuta, karibu nusu ya uzito wake wote. Punje ya korosho nayo ni mafuta kwa asilimia 44 hivi. Gramu 100 za muhogo mbichi zina nguvu ya kilokalori 160 hivi. Gramu 100 za korosho zinafika 550, na ufuta unazidi hapo kidogo.

Mwili wa mtu unatumia njia zote mbili. Akiba yake ya namna ya muhogo inaitwa glaikojeni, yaani sukari iliyoungwa kwa minyororo yenye matawi mengi. Mfaransa Claude Bernard ndiye aliyeigundua kwenye ini katika miaka ya 1850. Mtu mzima ana gramu 100 hivi kwenye ini na kama 400 kwenye misuli, na kila gramu imelala na gramu tatu hivi za maji. Ile ya kwenye misuli hutumika papo hapo msulini. Msuli hauwezi kuirudisha damuni kama sukari. Ile ya ini ndiyo inayogawiwa mwili mzima, nayo hukaribia kwisha mtu akikaa siku moja tu bila kula.

Akiba ya namna ya ufuta ndiyo mafuta. Gramu moja ya mafuta ina kilokalori 9, ya wanga ina 4, na mafuta hayahitaji kulala na maji. Chukua mtu wa kilo 70 mwenye kilo 15 za mafuta, ambaye watu hawatamwita mnene. Amebeba kilokalori 135,000. Akitumia 2,000 kwa siku, hiyo ni akiba ya miezi miwili na zaidi. Akiba hiyohiyo ingekuwa glaikojeni pamoja na maji yake, ingekuwa mzigo wa kilo 135 hivi. Nilimwambia mama azidishe mwenyewe, akazidisha kwa vidole, kisha akanyamaza kidogo. "Kwa hiyo ningekuwa muhogo mtupu," akasema, "nisingeupanda ule mlima na ndoo."

Asingeupanda.

Sasa nataka nikae kwenye namna mafuta yanavyoingia ghalani, kwa sababu nilipoielewa nilitamani asubuhi ifike upesi nikamsimulie.

Kazini kwangu mkulima huleta korosho kwenye viroba na matenga, kila mtu kwa namna yake. Hatuzipokei hivyohivyo. Tunazimwaga kwenye turubai, tunachambua, mbovu na mawe vinakwenda pembeni, kisha zinapakiwa upya kwenye magunia ya juti, zinapimwa, na mdomo wa kila gunia unashonwa kwa sindano ndefu na uzi. Gunia likija kufunguliwa baadaye, uzi hukatwa. Uzi uliokatwa haushoni tena gunia lingine, unatafuta mpya.

Seli ya mafuta hufanya karibu hivyo hivyo. Mafuta ya mchuzi wa mchana humeng'enywa utumboni, yakafungashwa katika vifurushi vidogo vinavyoitwa kilomikroni. Vifurushi hivyo hupita kwanza kwenye mishipa ya limfu, vikapanda kifuani na kumwagika damuni karibu na shingo. Damu huvizungusha mpaka kwenye vishipa vyembamba vinavyopita katikati ya seli za mafuta. Hapo vinakwama, kwa sababu mafuta yenyewe, trigliseraidi, ni makubwa mno kupita utando wa seli. Kila trigliseraidi ni asidi tatu za mafuta zilizoshikwa pamoja na gliseroli moja. Kwenye ukuta wa kishipa kuna kimeng'enya kinachongoja, lipoprotini lipesi, nacho hukata. Asidi za mafuta zinaingia ndani moja moja, na huko ndani zinaunganishwa upya kuwa trigliseraidi. Hakuna kiroba kinachopita mlangoni kama kilivyokuja.

Na uzi? Uzi ni ile gliseroli. Iliyokatwa nje haitumiki tena hapo, inakwenda zake kwenye ini, na ini linaweza kuigeuza kuwa sukari. Seli ya mafuta lazima itengeneze uzi mpya, na malighafi yake mojawapo ni sukari iliyoko damuni. Ndiyo maana mlo wenye wanga na mafuta kwa pamoja huifaa sana kazi hii: magunia yamefika, na uzi upo.

Anayeamrisha yote haya ni insulini. Kongosho huimwaga damuni tunapokula, hasa wanga, nayo hufanya mambo matatu kwa mkupuo. Inakiamsha kile kimeng'enya cha mlangoni. Inawezesha sukari kuingia kwenye seli. Na inaufunga mlango wa kutokea, yaani inazuia mafuta yaliyokwisha kuhifadhiwa yasivunjwevunjwe na kutolewa. Nasi siku ya kupokea hatutoi mzigo. Ukifanya vyote viwili kwa wakati mmoja daftari halitakaa sawa.

Mtoto wa mjomba alinitumia kwenye simu picha ya seli ya mafuta iliyopigwa kwa hadubini. Tone moja kubwa la mafuta limejaza seli karibu yote, na kiini, ambacho ndicho ofisi ya seli, kimesukumwa pembeni kabisa kikabaki kama ukucha. Niliitambua mara moja. Ni ghala letu mwezi wa Novemba, magunia yamegusa dari na meza yangu imesukumwa hadi kizingitini.

Kuna jambo moja ambalo nalisikia vibaya kila mahali, kwamba ukila ugali unageuka mafuta moja kwa moja. Mwili unaweza kugeuza wanga kuwa mafuta, lakini kwa binadamu, katika ulaji wa kawaida, kiasi hicho ni kidogo. Kinachotokea zaidi ni kwamba ukila ugali mwingi mwili unauchoma huo ugali kwanza, na mafuta ya kwenye mchuzi yanaachwa yalale. Mwisho wa mwezi hesabu inafanana, lakini njia si ile watu wanayoifikiria, na ukiijua unaacha kuuona ugali wa muhogo kuwa adui wa nyumba.

Wakati wa kutoa mzigo tuliuzungumza tukitumia Ramadhani. Mama amefunga tangu utotoni, mpaka sukari ilipomlazimu kuacha na kulisha maskini badala yake, jambo ambalo bado linamuuma. Anaijua saumu kuliko mimi, kwa hiyo nilimwomba anieleze siku inavyokwenda. Akasema baada ya daku mtu ana nguvu, mchana njaa inauma, halafu kuna saa fulani karibu na Alasiri njaa inatulia na mwili unakuwa mwepesi. Nikamweleza kinachoendelea ndani kwa saa hizohizo. Mwanzo mwili unaishi kwa daku. Daku linapokwisha utumboni, insulini inashuka na homoni nyingine, glukagoni, inaliamuru ini litoe glaikojeni yake. Kadiri insulini inavyozidi kushuka, mlango wa kutokea wa seli za mafuta unafunguliwa. Vimeng'enya vinakata uzi, asidi za mafuta zinatoka. Haziwezi kuelea peke yake damuni, kama mafuta ya taa yasivyochanganyika na maji, kwa hiyo zinapanda juu ya protini iitwayo albumini na kusafirishwa hadi kwenye misuli, ini na moyo. Futari inapoliwa, insulini inapanda na mlango unafungwa. Mlango huo hufunguka na kufungwa hata kwa asiyefunga saumu: kila usiku tukilala tunaishi kwa sehemu kubwa kwa mafuta.

Nilipofika kwenye moyo nilipunguza mwendo. Moyo wa mtu, muda mwingi wa maisha yake, unaendeshwa hasa na asidi za mafuta. Nilimwambia hivyo, na mama aliweka mkono kifuani, akaacha kubangua.

Ubongo ndio mgumu. Ubongo hauchomi asidi za mafuta. Unataka sukari, kama gramu 120 kwa siku. Njaa ikiendelea siku nyingi, glaikojeni ya ini imekwisha, sukari hiyo itabidi itengenezwe kwa kuivunja misuli. Wakulima wa huku mnaijua hali hiyo kwa jina lingine. Ni kangomba. Nyumba imeishiwa mwezi wa Machi, mtoto anaumwa, mikorosho bado hata haijatoa maua, na mtu anakuja na fedha taslimu kununua mavuno yako ya mwisho wa mwaka kwa bei ya kutupa. Unakula leo na unauza shamba lako bila kujua. Mwili unaopona njaa ni ule unaoikwepa kangomba. Daktari wa Marekani, George Cahill, aliyefanya kazi Boston, aliwachunguza watu waliofunga kwa wiki kadhaa katika miaka ya 1960, ikaonekana wazi kwamba ini huyageuza mafuta kuwa ketoni, na ubongo hukubali kuzitumia ketoni badala ya sehemu kubwa ya sukari. Misuli inapumzishwa. Ghala la mafuta linailinda nyama.

Bibi mzaa mama alikuwa akisimulia alichosimuliwa na mama yake kuhusu njaa iliyofuata Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, Wajerumani walipochoma mashamba na maghala ya vyakula huku kusini. Watu waliingia porini kuchimba ming'oko, mizizi ya mwituni inayoliwa. Leo ming'oko inauzwa barabarani imechemshwa, tunaila kwa hamu, lakini mama hawezi kuila bila kukumbuka maneno ya bibi. Waliovuka njaa ile walivuka kwa ming'oko, kwa Mungu, na kwa kile walichokuwa wamekibeba chini ya ngozi.

Na wanawake hubeba zaidi kuliko wanaume, makalioni na mapajani, kwa sababu. Kunyonyesha kunagharimu kilokalori 500 hivi kila siku, na sehemu ya gharama hiyo hulipwa na akiba hiyo. Msichana akikonda kupita kiasi, hedhi hukatika. Mwili unaona ghala liko tupu na kukataa kuanza safari ya mimba. Watoto saba, mama. Nani alilipa?

Kuna aliyelipima ghala hili mpaka chini kabisa. Angus Barbieri wa Uskoti, kijana wa miaka 27, aliacha kula mwaka 1965 akiwa chini ya uangalizi wa hospitali. Aliishi kwa maji, chai, kahawa isiyo na kitu, vitamini na madini, kwa siku 382. Aliingia na kilo 207, akatoka na 82. Simtaji ili mtu amwige, maana miaka hiyohiyo wagonjwa wengine walifungishwa kwa namna hiyo na wakafa, moyo ulisimama. Namtaja kwa sababu mjomba aliniambia haiwezekani mtu akaishi kwa mafuta yake mwenyewe, nami sikutaka kubishana naye kwa maneno matupu.

Sasa nifike kwenye jambo lililonikasirisha.

Wiki mbili baada ya siku ile ya kliniki, mama alinunua dawa kwa mtu wa kipaza sauti aliyesimama karibu na stendi. Chupa ya maji meusi machungu, "inayeyusha mafuta yote na kuyatoa kwa choo". Alikunywa kimyakimya siku saba. Aliharisha mpaka macho yakaingia ndani. Mwishoni alinifuata kazini jioni, watu wameondoka, akapanda kwenye mizani ya magunia akiwa ameshika nguzo. Kabla ya dawa alikuwa na kilo 86. Mizani ikasoma 82 na nusu. Alitabasamu kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, na ilinichoma kumwambia ukweli.

Nilimwambia, "Mama, huo ni unyaufu."

Kwenye korosho kila mtu analijua neno hilo. Mkulima akileta korosho zilizoanikwa nusunusu, zinakaa ghalani, maji yanakauka, na gunia linapungua uzito bila punje hata moja kuibwa. Makarani wamegombana na wakulima kwa ajili ya unyaufu, na mimi nimewahi kulia kwa ajili yake. Kupungua kwa mizani hakukuambii kilichopungua ni kitu gani. Basi tulipiga hesabu mezani kwangu. Kilo moja ya tishu ya mafuta ya mwilini ina kilokalori 7,700 hivi. Kilo tatu na nusu ni karibu 27,000. Mama anatumia labda 2,000 kwa siku. Hata asingetia kitu mdomoni kwa siku zote saba, angetumia 14,000, na yeye alikuwa anakula uji. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kilichotoka ilikuwa maji, chumvi na choo, pamoja na glaikojeni na yale maji yake. Mafuta hayatoki kwa kuhara. Yaliyomo ndani ya seli hayana njia ya kwenda utumboni. Siku nne baadaye, akinywa na kula kama kawaida, mizani ilisoma 85 na nusu. Alilia. Nilikaa naye chini kwenye magunia mpaka giza likaingia.

Alipotulia aliuliza swali ambalo nilikuwa naliogopa: kama mafuta ni akiba njema, mbona nina sukari?

Nilimkumbusha msimu mmoja wa mavuno makubwa. Ghala lilijaa mapema. Malori yalipanga foleni, mnada ulichelewa, na magunia yaliendelea kuja. Tukayapanga nje, chini ya turubai, na mengine barazani. Kisha mvua za Desemba zikafika. Korosho za ndani zilibaki salama, za nje zilipata ukungu, na barabara yenyewe ikazibika hata magari ya watu wengine yasipite. Siku ile hakuna aliyesema korosho ni uchafu. Tulisema hapa siyo mahali pake.

Mafuta ya chini ya ngozi, hasa ya nyonga na mapaja, yako ghalani. Seli zake zinaweza kutanuka, lakini zina mpaka. Mpaka huo hautofautiani kwa unene tu, hutofautiana kwa mtu na mtu. Ndiyo maana kuna mnene asiye na sukari na mwembamba anayeugua. Ghala likielemewa, seli zilizotanuka kupita kiasi huvuja asidi za mafuta hata wakati mlango ungepaswa kufungwa. Mafuta yanarundikana tumboni kuzunguka utumbo, ambako damu hupita moja kwa moja kwenda kwenye ini, na yanaingia ndani ya ini lenyewe, kwenye misuli, kwenye kongosho. Huko si ghalani, ni barabarani. Ini na misuli vinaacha kuisikia insulini vizuri, kongosho linalazimika kutoa zaidi na zaidi, na likichoka, sukari hupanda. Hiyo ndiyo sukari ya aina ya pili.

Ushahidi ulionishinda kusahau ni wa watu wanaozaliwa bila tishu ya mafuta karibu kabisa. Ni ugonjwa adimu, unaitwa lipodistrofi. Mtu angedhani watu hao ndio wenye afya kuliko wote. Kumbe hupata sukari kali, ini lao hujaa mafuta, damu yao hujaa mafuta. Hawana ghala, kwa hiyo kila mzigo unaishia barabarani.

Na ghala la mafuta linaandika ripoti. Mwaka 1994 Jeffrey Friedman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, walitangaza kwamba wamepata jeni ya homoni inayotolewa na seli za mafuta zenyewe, baadaye wakaiita leptini. Inakwenda ubongoni kueleza akiba ni kiasi gani. Panya asiyeweza kuitengeneza hula bila kuchoka, kwa sababu ubongo wake unaamini ghala ni tupu. Kwa watu wengi wanene leptini ipo tele, lakini ubongo umeizoea na hauitikii sawasawa, kama bosi anayepokea ripoti kila siku na kuacha kuzisoma. Ila ikishuka, ubongo huitikia upesi sana. Ukipungua mwili, leptini inashuka, njaa inakaza, na mwili unaanza kubana matumizi. Ninyi mnaomcheka mtu aliyepungua akarudi pale pale, mjue alikuwa anapigana na njaa inayoletwa na homoni usiku na mchana.

Tena ghala halibomolewi. Kirsty Spalding na wenzake wa Taasisi ya Karolinska, Sweden, walionyesha mwaka 2008 kwamba idadi ya seli za mafuta kwa mtu mzima hubaki karibu ileile, hata kwa aliyepungua sana; seli hunywea, haziondoki. Walizipima umri kwa kutumia kaboni ya mionzi iliyotapakaa hewani kutokana na majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960. Kila mwaka asilimia 10 hivi hufa na nyingine kuchukua nafasi zao.

Nilimpa mama habari moja njema, nayo ni ya kweli: yale mafuta ya barabarani, ya tumboni na ya ini, mara nyingi ndiyo yanayotangulia kupungua. Mtu akipunguza asilimia 5 hadi 10 tu ya uzito, sukari kwa kawaida huanza kushuka. Kwa mama hiyo ni kilo nne hadi nane na nusu hivi. Hakuhitaji kuuondoa mwili wake. Alihitaji kufungua barabara, pamoja na vidonge vyake ambavyo hajaacha hata siku moja.

"Basi yanatokea wapi?" akauliza. "Siyo chooni. Siyo jasho?"

Hili hata mimi nilikuwa nalijua vibaya. Mafuta yakichomwa hugeuka hewa ukaa na maji. Mwaka 2014 Waaustralia wawili, Ruben Meerman na Andrew Brown, waliifuatilia hesabu yake atomu kwa atomu: kilo 10 za mafuta zikichomwa zote, kilo 8.4 hutoka kama hewa ukaa kwa kupumua, na kilo 1.6 hubaki kama maji, yakatoka kwa mkojo, jasho na njia nyingine. Mapafu ndiyo mlango mkuu. Hata hivyo kuhema bure ukiwa umekaa hakusaidii kitu. Lazima misuli iwe imeomba mzigo.

Tangu hapo tunatembea. Alfajiri, baada ya swala, yeye na mimi na mara nyingine mjukuu wake, tunaelekea Shimo la Mungu, pale uwanda unapokatika na bonde kuonekana hadi mbali upande wa Mto Ruvuma. Njia aliyokuwa akishuka na ndoo inaonekana bado, imeota majani. Tunashuka kidogo, siyo mpaka chini, kisha tunapanda. Juzi tulipofika kwenye jiwe kubwa alisimama, akajishika kiuno, akahema kwa muda mrefu huku mimi nikimsubiri. Aliponyanyua uso alikuwa anatabasamu.

"Hayo yametoka?"

"Yametoka, mama. Kidogo."

Akafunga khanga yake upya, akatangulia kupanda.